Mimi dereva wa lori la majani chai, nimejaribu gemu ya magari pale Kaplong

Wakuu, nawasalimu nyote. Wale wa kazini, wale wa kitandani, na wale wanaosoma nyuzi za watu kila siku bila kukoment hata mara moja.

Ninayoandika hapa yamenipata mimi mwenyewe. Sina video wala picha, na anayetaka kuamini aamini. Nimechoka mno kutunga uongo, maana uongo nao ni kazi, inabidi uukumbuke.

Wengi hapa mmekuwa mkiuliza kuhusu hizi gemu za magari za siku hizi, zile zinazosemwa zimeundwa kama gari halisi. Je, ni kweli ama ni maneno ya wauzaji? Mimi nimejaribu moja, kwa stering na pedali. Jina lake sitalitaja, mods wa hapa wana mkono mwepesi wa kufuta nyuzi.

Lakini kwanza mnijue kidogo. Bila hivyo hamtaelewa kwa nini nilitoka pale vile nilivyotoka.

Mimi ni mtu wa ziwa. Nilikuja huku nchi ya chai mwaka jana kwa sababu ya kazi, kuendesha lori la majani mabichi. Wakulima wanachuma, wanaleta kituoni, karani anapima, magunia yananing'inizwa kwenye ndoano nyuma ya lori, halafu tunapeleka kiwandani kabla majani hayajaanza kupata moto. Yakipata moto yanabadilika rangi na kiwanda hakiyataki. Kwa hivyo ni kazi ya haraka kwenye barabara zisizotaka haraka. Route yangu ilikuwa upande wa Merigi.

Tanboi wangu, yaani utingo wa lori, anaitwa Langat. Mwenyeji wa huko huko, mtu mzima, anaongea kuliko redio. Maneno yote ya Kikipsigis niliyo nayo ni yeye alinifundisha, na si mengi. Chamgei ni salamu. Kongoi ni asante. Mutyo ni polepole.

Hilo la mwisho ndilo nililolisikia kuliko yote. Tukifika kwenye mteremko wenye matope Langat hutoa kichwa dirishani, anaangalia tairi la nyuma, kisha anasema, "Mutyo, dere. Mutyo, mutyo." Hapo nashusha gia. Tulifanya hivyo kila siku ya mvua, na huku siku isiyo na mvua mtu huiulizia imeenda wapi.

Sasa.

Kuna siku tulikuwa tumejaza mpaka ndoano ya mwisho. Mvua ilikuwa imepita muda si mrefu. Nilikuwa kwenye gia ya pili, natambaa, Langat kichwa nje kama kawaida. Ukingo wa barabara ukameguka chini ya tairi. Lori likaegemea, likafikiria kidogo, kisha likalala upande wa kushoto kama ng'ombe anayejilaza. Hakukuwa na kishindo cha kusimulia. Mimi nilitoka na mikwaruzo na shingo iliyokauka. Langat aliwahi kurudisha kichwa ndani, lakini mguu wake ulibanwa na mlango, ukavunjika.

Tulisaidiana na watu wa hapo kumtoa. Nilipopiga magoti mbele yake alikuwa amekaa kwenye matope, majani ya chai yamemwagikia mapajani. Akanitazama usoni akasema, "Mutyo, dere."

Wakuu, hilo neno lilinikata maini.

Nilikuwa nimeenda polepole. Yeye mwenyewe alikuwa na kichwa nje, aliona kila kitu. Na bado neno la kwanza kutoka kinywani mwake ni kuniambia ningeenda polepole.

Ungemjibu nini mtu ambaye mguu wake unaangalia upande mwingine?

Halikuishia hapo. Niliporudi kituoni kuchukua vitu vyangu, nikiwa na kola ya hospitali shingoni, akina mama waliokuwa kwenye foleni ya kupimiwa majani wakaanza. Mutyo, dere. Mutyo. Mzee mmoja akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akatikisa kichwa, akasema mutyo mising. Mising najua ni sana. Kwa hivyo polepole sana. Nikatoka pale macho chini. Nikasema basi, watu wa hapa wameshakata kesi, na mimi ni mgeni, mgeni hana shahidi.

Ofisi ya usafiri ya kiwanda ilienda ikaikagua barabara na kuniambia sina kosa. Wakanipa mapumziko shingo ipone, wakasema nikipona niwape jibu, narudi kwenye lori au naacha. Jibu walilitaka Jumatatu. Mke wangu, ambaye yuko nyumbani kule ziwani, yeye alikuwa na jibu tayari. "Rudi tu nyumbani," aliniambia kwa simu. "Hata huku kuna samba."

Nami nilikuwa nimeshakubali. Nguo zangu zilikuwa zimekunjwa.

Langat alipotoka hospitali akapelekwa kwake. Alinipigia, sikushika. Akapiga tena. Mwishowe akatuma meseji fupi: "Mutyo dere. Uko wapi?" Niliisoma, nikailaza simu kifudifudi mezani. Najua mtanirukia kwenye koments kwamba huyo ni rafiki yangu na ameumia. Ni kweli. Lakini mtu akishachoka haendi kutafuta mahali pa kuchokea zaidi.

Hiyo ndiyo hali niliyoingia nayo kwa Weldon siku ya Jumamosi kunyoa.

Weldon ni kinyozi hapa Kaplong. Mbele ana viti viwili vya kunyolea, nyuma ya pazia ana runinga kubwa na konsoli. Binamu yake ni mkimbiaji, huenda mbio za ng'ambo, na safari iliyopita alimletea stering ya gemu na pedali zake. Weldon ameifunga kwenye meza ya shule kwa bolti, kiti ni cha gari dogo lililokufa. Ukikaa unazama kidogo, lakini kinakushika mgongo.

Alipomaliza kuninyoa mvua ikaanza. Hakuna kutoka. Akanifuta shingo taratibu akiiogopa ile kola, akasema, "Dere, ingia nyuma ujaribu hii kari. Hawa wengine wanabahatisha, wewe ndio wa ukweli."

Msimcheke kwa hiyo kari. Huku g na k ni ndugu, b na p vilevile, na sisi watu wa ziwa mmeona wenyewe kwa ile samba ya mke wangu sh inavyotutesa. Tumetoshana.

Nikasema hapana. Akasema ni mvua tu tunangojea. Nikakaa.

Haya, hapa ndipo mlipokuja kusoma.

Stering yake ina nguvu. Nilitarajia kitu cha mtoto, lakini ukikata kona inakuvuta irudi, na ukikanyaga ukingo wa barabara inatetemeka mpaka kwenye viwiko. Hapo hawakudanganya. Mikono yangu iliitambua kabla yangu, nikaona imeshajipanga yenyewe mahali pake.

Breki ndiyo iliyonishinda. Gari la mbio ni jepesi, unaenda nalo mpaka mdomoni mwa kona, halafu unakanyaga kama unaua nyoka. Mimi mguu wangu haujui hivyo. Mimi nikiona kona kule mbali naanza kujiandaa, nashusha gia, naiacha injini ishike yenyewe. Wenzangu wa kwenye gemu walinipita kama nimeegesha kununua mahindi.

Halafu mambo ya tairi. Gemu inakuonyesha joto la tairi, na inataka zipate moto ndiyo zishike barabara. Hilo sikulielewa kabisa. Kwangu mimi kitu chochote kikipata moto ni hasara, iwe tairi, breki ama majani.

Mlio wa injini ni mzuri. Taa ni nzuri. Milima yao imechorwa vizuri, ingawa haina mtu hata mmoja anayelima.

Kuna mambo mawili nilifanya yakawachekesha watu, na kulikuwa na vijana kadhaa pale nyuma wanaongoja zamu. La kwanza, kabla ya kuanza nilimwuliza Weldon namna ya kulizunguka gari nipige teke tairi. Akasema hakuna kupiga teke tairi. Nikasema basi nitajuaje kama zina upepo.

La pili, gari la nyuma lilikuwa limening'ang'ania, nami nikaanza kupapasa pembeni ya stering.

"Unatafuta nini hapo?" Weldon akauliza.

"Indiketa."

"Ya nini?"

"Nimwambie huyu wa nyuma barabara ni safi, apite."

Walicheka mpaka mmoja akatoka nje kwenye mvua. Wale wasiojua, huku kwetu lori likiwa mbele yako mlimani, dereva akiona mbele hakuna gari anakuwashia indiketa ya kushoto upite. Ni adabu tu ya barabara. Kwenye gemu adabu hiyo haipo. Kule ukiwa mbele unaziba.

Nilicheka nao kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu lori lilale.

Lakini kuna kitu kilikuwa kinanisumbua na sikujua ni nini, mpaka nilipozungusha macho mle ndani ya gari. Stering yao iko kushoto. Kiti cha kulia, mahali ninapokaa mimi siku zote, kilikuwa kitupu. Nami nilikuwa nimekaa kushoto, kwenye dirisha la Langat.

Ningeinuka hapo. Sikuinuka.

Kijana mmoja akasema, "Mwekee mvua, huyo ni wa mvua." Weldon akabonyeza akabadilisha, na barabara ikalowa. Wakuu, mvua yao ni mvua. Kioo kinajaa, waipa inahangaika, na stering inakuwa nyepesi mikononi, ule wepesi mbaya ambao dereva yeyote wa huku anaujua, unaokuambia tairi hazigusi tena chini. Nikashusha gia. Nikatambaa. Magari yote yakanipita, sikujali. Kulikuwa na kona inayoteremka kushoto, nikaingia nayo kwa mwendo wa mtu anayebeba mayai, na bado nyuma ikaanza kuondoka. Nilirudisha stering. Ikakataa. Gari likatoka barabarani taratibu kabisa, likapita nyasi, likagonga ukuta, skrini ikatikisika, kisha ikatulia.

Mikono yangu haikuachia stering. Naeleza kama ilivyokuwa. Niliiambia iachie, ikakataa.

Weldon akanishika bega. "Mutyo, dere," akasema.

Na nyuma yangu wale vijana, hawacheki tena: "Mutyo. Mutyo, dere."

Kitu kikapasuka.

"Mutyo gani?" nikasema. Nilikuwa napiga kelele, na mimi si mtu wa kelele. "Nimekuwa wa mwisho. Tazama hapo, wa mwisho kabisa, gari zote zimenipita. Mnataka niende polepole namna gani tena? Nishuke nisukume?"

Mabati tu yakinguruma juu.

Pale mbele, kwenye kiti cha kunyolea, kulikuwa na mama aliyejikinga mvua na mitungi yake ya maziwa. Anaitwa Mama Chebet, anauza maziwa sokoni, nami hununua kwake. Akavuta pazia akachungulia.

"Nani amekuambia wewe ulienda mpio?" akauliza.

"Nyinyi. Kila mtu. Tangu lori lianguke ni mutyo, mutyo."

Akauliza polepole, vile unavyomwuliza mtoto ameumia wapi, "Dere. Wewe ukisikia mutyo, unasikia nini?"

"Polepole."

"Ai," akasema. Akaweka mtungi chini. "Hiyo ni kama bado unaenda. Ukishaanguka, mutyo ni pole."

Mikono yangu ikaiachia stering.

"Mtu ameshaanguka tutamwambia aende polepole aende wapi?" akasema. "Hata mtu akifiwa tunamwambia mutyo. Huyo naye tunamwambia asikimbie?"

Vijana wakacheka, kidogo, kwa huruma. Weldon akasema, "Tulikuwa tunakupa pole, dere. Watu wote walikuwa wanakupa pole."

Nilikaa kwenye kile kiti cha gari lililokufa nikihesabu upya kila kitu. Wale akina mama kwenye foleni ya mizani, pole, pole, dereva. Yule mzee na mikono yake miwili, pole sana. Nilikuwa nimepewa pole na kituo kizima, nikazibeba zote kama matusi mpaka nyumbani.

Na Langat. Mtu amekaa kwenye matope, mguu umevunjika, maumivu yanamtoa jasho, ananiona nimepiga magoti mbele yake, na neno la kwanza anaponiona ni kunipa pole mimi.

Nililia, wakuu. Si kwa sauti. Mama Chebet akarudisha pazia ili wateja wa mbele wasione.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sina hata kisingizio cha lugha. Mimi Kiswahili nimekiongea tangu utotoni, na Kiswahili kinafanya vile vile. Mtu anayeenda unamwambia polepole. Aliyeanguka unamwambia pole. Nimeyasema yote mawili maisha yangu yote na sikuwahi kuona kwamba ni neno moja limekaa viti viwili.

Jumapili baada ya ibada nikaenda Merigi. Nilibeba mkate, sukari, na maziwa ya Mama Chebet ambayo alikataa niyalipie. Nilipita pale lori lilipolala. Wameweka mawe ukingoni, na majani yaliyomwagika yameshakuwa meusi.

Langat alikuwa nje kwenye kiti cha plastiki, mguu na plasta yake umewekwa juu ya stuli, redio mapajani. Aliponiona akaizima. Hilo peke yake lilinitisha, kwa sababu Langat hazimi redio.

Njia yote nilikuwa nimepanga hotuba. Nitaanzia hapa, nitaeleza pale. Nilipofika mbele yake yote ikapotea. Likabaki neno moja, na sikuwahi kulisema kabla, nilizoea kulisikia tu.

"Mutyo," nikasema.

Akanitazama, akatazama mguu wake, akanitazama tena. Nikaona uso wake unaanza kuwa uso wa Langat.

"Ya kwenda, ama ya pole?" akauliza.

"Ya pole," nikasema. "Ile ingine ni kazi yako wewe, ukirudi dirishani."

Akamwita mkewe alete chai, na akaniambia nivute kiti, nisimame pale kwa nini kama mtoza ushuru.

Tulikaa mpaka mvua ikatukaribia. Nilimweleza habari ya indiketa kwenye gemu akacheka mpaka akashika plasta. Akasema na yeye siku moja atapelekwa Kaplong akajaribu, lakini akae kushoto, na mtu mwingine ashike stering.

Jumatatu niliwapa ofisi jibu. Nimerudi. Shingo bado inalia asubuhi, barabara ni ile ile, na tanboi niliyepewa kwa sasa ni mtu mwema asiyetoa sauti. Tukifika kwenye mteremko inabidi nijiambie mwenyewe.

Sasa, kuhusu gemu, maana nimeahidi. Ni nzuri. Ukiwa na stering na pedali ni karibu na kweli kuliko nilivyodhani, hasa mvua. Ukitumia zile rimoti za mkononi sijui, sikujaribu. Dereva wa lori itakuchosha, utafikiri umerudi kazini na hakuna mtu anayekulipa. Kama huna adabu barabarani utashinda mapema.

Funzo langu ni dogo. Ukiwa mgeni mahali na neno la watu linakuuma kila ukilisikia, uliza. Uliza siku ile ile. Mimi niliona haya kuuliza, nikakunja nguo zangu niondoke kwa watu waliokuwa wananibembeleza.

Haya, nimemaliza, nina safari ya kituoni. Kama kwenu kuna neno lililokaa viti viwili hivi, liwekeni hapa chini na mtueleze lilimwumiza nani. Na mliowahi kukaa kwenye hizi stering za gemu, semeni kama mlipata indiketa, mimi bado naitafuta.